Fundi Kesho na Kazi Isiyo na Tarehe

Mafundi wote husema kesho, lakini huyu alilisema neno hilo kwa upendo. Mteja angeingia karakana amefura kwa hasira, amekuja kuulizia kabati aliloagiza tangu mvua zilizopita, na fundi angeweka randa chini, akajifuta mikono kwenye aproni, akamtazama machoni na kumwambia, "Kesho, ndugu yangu. Njoo kesho asubuhi, tena usichelewe." Mteja angeondoka ametulia tuli, na akifika nyumbani ndipo angekumbuka kwamba jana pia aliambiwa hivyohivyo. Basi mtaa mzima ukamwita Fundi Kesho. Wala hakukasirika, aliitika.

Msimdhanie mvivu. Alichapa kazi tangu jua linachomoza, maranda yamemfika kwenye vifundo vya miguu, penseli sikioni. Tatizo lilikuwa kichwani. Akishika mguu wa meza anakumbuka mlango, akiuendea mlango simu inalia, ni mtu wa viti. Maagizo aliyaandika kwa penseli kwenye ubao wowote uliokuwa karibu, halafu ubao huohuo akaukata. Saluni ya jirani mpaka leo ina rafu ambayo ukiinama chini yake unasoma: "Mlango wa daktari wa meno, haraka sana."

Hayo yote watu waliyacheka, na yeye akacheka nao. Jambo moja tu hakulicheka. Binti yake wa pekee alipoolewa, fundi alisimama mbele ya wakwe na kuahidi kitanda cha harusi kwa mkono wake mwenyewe, na tarehe akaitaja. Tarehe ikafika, ikapita. Maharusi wakalalia godoro sakafuni, mwisho wakanunua kitanda cha dukani kinacholia kama mlango mbovu. Ubao wa kichwani wa kile cha ahadi, wenye maua aliyoyachonga kwa mapenzi yote, ulibaki umeegemea ukuta wa nyuma wa karakana, umefunikwa gunia. Fundi akipita pale aliangalia upande mwingine.

Sasa binti ana mimba. Alimpigia simu baba yake, sauti tulivu, ile tulivu inayotisha.

"Baba, nataka kitanda cha mtoto kutoka kwako."

"Utakipata, mwanangu! Tena cha kubembea!"

"Nisikilize kwanza. Mtoto hasubiri kesho yako. Siku nikirudi kutoka hospitali, nikikikuta, nitashukuru. Nisipokikuta, nitanunua, na sitakuomba tena kitu maisha yangu yote. Sikugombezi, baba. Nimechoka tu kusubiri."

Fundi alibaki ameshika simu ambayo ilishakatwa. Aliogopa, na hakumficha mkewe kwamba ameogopa. Mkewe hakumpa pole. Alimpigia simu mdogo wake.

Huyu shemeji yake fundi alikuwa karani wa masjala, mwanamke wa maneno mengi na mafaili yaliyonyooka. Alikuja Jumamosi na kompyuta kuukuu iliyostaafishwa ofisini kwao, akafuta vumbi la mbao kwenye benchi kwa kitambaa chake mwenyewe huku akisonya, akaiweka.

"Shem, leo nakufunga kamba," akasema.

"Hicho kidude? Mimi sijui mambo ya mapicha mapicha."

"Hakina picha hata moja. Ni maandishi matupu. Tazama."

Kweli, skrini ilikuwa nyeupe kama ukuta uliopakwa chokaa. Shemeji akamwonyesha. Unaweka nyota, unaandika jambo lako: Viti vya mwalimu wa muziki. Unaweka nyota mbili chini yake, unaandika kilicho ndani ya jambo hilo: kununua gundi. Mbele unaandika BADO. Kazi ikiisha unabonyeza vitufe viwili pamoja, BADO inageuka TAYARI. Unaweka na tarehe. Asubuhi ukiamka unabonyeza tena, programu inapita faili zima, inakuletea kazi za leo peke yake. Zilizopitwa na wakati zinakuja juu kabisa, nyekundu, zinakukodolea macho.

Fundi akajaribu kwa kidole kimoja, kile kilichopungua ukucha kwa sababu ya msumeno. Akaandika Rafu. Akabonyeza. TAYARI.

"Ee!" akaruka. Akabonyeza tena ikarudi BADO, akabonyeza tena ikawa TAYARI. "Shemeji! Hii inatii!"

"Inatii kuliko wewe," alisema shemeji. "Haya, mwaga yote yaliyomo kichwani."

Akayamwaga. Kilichomshangaza ni jinsi kichwa kilivyobaki chepesi baadaye, kama mtu aliyetua gunia aliloshinda nalo. Alimaliza siku hiyo akiimba, na anaimba vibaya.

Tangu hapo mtaa ukaanza kuona maajabu. Daktari wa meno alikuta mlango wake umesimama ofisini kabla hajauulizia, akaufungua na kuufunga mara kadhaa kama haamini. Mwalimu wa muziki alipigiwa simu aje achukue viti, akadhani anataniwa, hakuja. Fundi akampelekea mwenyewe, mgongoni, akicheka njia nzima. Kila asubuhi alifungua karakana, akapuliza maranda kwenye vitufe, akabonyeza, na kazi za leo zikajipanga mbele yake. Alizishughulikia moja baada ya nyingine, jioni akazigeuza TAYARI kwa shangwe ya mtu anayefunga mabao. Mama mwenye saluni akawaambia wateja wake kwamba jina la yule bwana itabidi libadilishwe. Fundi alilisikia hilo kupitia ukuta wa mbao, akavimba kichwa siku nzima.

Na kile kitanda? Kilikuwemo. Alikiandika siku ileile ya kwanza, juu kabisa ya faili, kwa herufi kubwa: KITANDA CHA MJUKUU WANGU. Kilikuwa jambo kubwa kuliko yote, na kwa kuwa kilikuwa juu ya yote, moyo wake ulitulia. Kila asubuhi alisubiri programu imwambie sasa ni zamu yake. Programu haikumwambia. Alijua itamwambia tu, mbona imemwambia kuhusu stuli ya muuza magazeti?

Basi mchana mmoja simu ikalia. Binti.

"Baba, nasikia siku hizi unamaliza kazi za watu kwa wakati. Mtaa mzima unakusifia."

"We acha tu, mwanangu! Baba yako amezaliwa upya!"

"Vizuri. Na changu kimefika wapi?"

Fundi akatazama huku na huku karakana. Palikuwa na kabati la mtu, meza ya mtu, fremu za dirisha za mtu. Hapakuwa na hata fito moja ya kitanda cha mtoto.

"Kipo kwenye kompyuta," akasema.

Binti akasema, "Sawa, baba," akakata. Ile "sawa" ilimchoma kuliko tusi.

Alifunga karakana mchana kweupe, kompyuta kwapani, akaenda mbio mpaka masjala. Akamkuta shemeji yake katikati ya makabati ya chuma, miwani puani.

"Shemeji, chombo chako kimenifichia kazi! Kimenipa stuli, kimenipa rafu, kitanda cha mjukuu kimekikalia!"

"Hebu, hebu, punguza sauti, hapa ni ofisini." Akafungua faili, akasoma mstari wa juu, akavua miwani. "Shem. Hiki hukukiwekea tarehe."

"Sasa?"

"Sasa kisicho na tarehe hakiji kwenye kazi za leo. Kitakaa hapa juu na herufi zake kubwa mpaka mtoto aanze shule. Stuli uliiwekea tarehe. Rafu uliiwekea. Umewatimizia watu wote isipokuwa mwanao."

Fundi akaketi juu ya kiti cha wageni. "Mtoto anazaliwa lini, nani ajuaye? Ningewekaje tarehe?"

"Usinipige chenga mimi. Daktari alishasema ni mwezi gani. Kwa nini hukuweka?"

Fundi akasema polepole, akiangalia mikono yake, "Niliogopa. Kile cha harusi nilikitajia tarehe mbele ya watu. Sikutaka kumwahidi siku nyingine halafu nimvunje moyo tena. Nikaona bora niandike tu, bila siku."

Shemeji alikuwa amekwisha andaa utani, na haikuwa kawaida yake kuumeza, lakini aliumeza. Akavuta kiti karibu.

"Lete kidole chako," akasema. "Andika tarehe."

"Ipi?"

"Ya leo."

Akaandika. Hapohapo akabonyeza, na kitanda kikachomoza kwenye kazi za leo, cha kwanza. Fundi akasimama wima.

"Kaa, bado. Kitanda kizima kitakutisha, kigawe." Akamwonyesha jinsi ya kuandika vijisehemu, kila kimoja na kisanduku chake kidogo mbele: kukata fito, kupiga randa, kutoboa matundu, kuunga, kulainisha kwa msasa, kupaka nta, kufikisha. Ukiweka alama kwenye kisanduku, asilimia inapanda yenyewe pale juu.

"Yenyewe?"

"Yenyewe."

"Shemeji, tusingekuwa ofisini ningekubeba juu juu!"

"Tuko ofisini, na usithubutu."

Kilichofuata mtaa ule unakisimulia bado. Kwanza aliwapigia wateja wake wote, mmoja mmoja, kabla hawajamtafuta, akawaambia ukweli: kazi yako nimeisogeza mbele, ninamtengenezea mjukuu wangu kitanda, siku yako ni hii hapa. Hakuna aliyegomba. Nadhani walipigwa na mshangao. Kisha akajifunga kibwebwe. Msumeno ukalia, randa ikaimba, maranda yakaruka mpaka barabarani. Kila alipomaliza kipande alikimbilia kompyuta, akaweka alama, akapaza sauti kwa jirani kupitia ukuta: "Tumepanda!" Na kule saluni wanawake waliokuwa chini ya mashine za kukausha nywele wakashangilia, wengine hata hawakujua wanashangilia nini. Hakupaka vanishi, kwa sababu harufu yake ni kali kwa kichanga. Alipaka nta ya nyuki kwa kitambaa laini, akasugua mpaka mbao ikawa nyororo kama shavu.

Nta ilikuwa bado inanyonywa na mbao mkewe alipoingia mbio, khanga begani, anacheka na kulia kwa pamoja.

"Babu! Wewe babu! Amekuja! Wa kike, mzima, na mama yake mzima!"

Fundi alimkumbatia mkewe na nta mikononi. Walizunguka pale kati ya mbao kama vichaa.

Binti aliporudi nyumbani kutoka hospitali, kitanda kilikuwa kimeshafika chumbani, karibu na dirisha, shuka limetandikwa. Baba yake amesimama pembeni, amenyoa ndevu, kompyuta kwapani. Alikataa katakata kugeuza BADO kuwa TAYARI, kwani kisanduku cha mwisho, alisema, kitajazwa mtoto akilala humo. Shemeji yake alikuja kushuhudia, akamwambia amepata kichaa cha vitufe.

Binti alimlaza mtoto. Akakisukuma kitanda kidogo kwa kidole, kikabembea bila mlio wowote. Akakisukuma tena. Akapitisha kiganja juu ya fito zote, moja baada ya nyingine, akitafuta mwiba wa mbao, hakuupata.

"Bonyeza wewe," fundi akamwambia, akamsogezea kompyuta. "Wewe ndiye uliyesubiri."

Akabonyeza. TAYARI. Akacheka, akafuta machozi kwa mkono wa gauni, akamwegemea baba yake begani kama alipokuwa mdogo. Fundi akampapasa kichwa kwa furaha.

Hapo angeweza kwenda zake nyumbani, na kila mtu angemsifu. Lakini alikaa kitako kwenye ncha ya kile kitanda cha dukani, kikalia kama kawaida yake, na wote wakakisikia. Akaiweka kompyuta mapajani. Akaandika nyota, na mbele yake BADO, na mbele yake: Kitanda cha harusi cha mwanangu. Alikawia sana kuandika, kwa kidole kimoja, na hakuna aliyemharakisha.

Kisha akainua macho.

"Nitajie tarehe," akamwambia binti yake.