Mji wa King'ora na Mji wa Mkonge

Nakumbuka tulipokuwa wadogo, mjini kwetu upande wa Kitui hakuna mtu aliyehitaji saa. Kulikuwa na king'ora cha kiwanda cha pamba. Kikilia asubuhi, baba anavaa kofia anatoka. Kikilia saa sita, mwalimu anafunga kitabu hata kama sentensi iko nusu. Mama zetu nao walipika kwa king'ora. Unabandika muthokoi, mahindi yetu yaliyokobolewa na maharagwe, unasukuma kuni, unaenda shambani. King'ora cha saa sita kikilia, unarudi kuepua. Vijana wa leo wanachemsha maji ya chai wakiwa na simu mkononi, na bado yanakauka!

Pamba ilikuwa kila mahali, kwenye nywele, kwenye chai, puani. Mpira wetu ulikuwa wa pamba, na ukilowa hakuna mguu ungeuinua. Krismasi moja kanisani tuliigiza kuzaliwa kwa Yesu, na kwa vile pamba ilikuwa ya bure, kila mtu alitaka ndevu. Wachungaji walikuwa na ndevu, malaika walikuwa na ndevu, hata Maria ilibidi anyang'anywe zake mlangoni. Maria huyo alikuwa mimi.

Siku kiwanda kilipofungwa hatukuambiwa. King'ora hakikulia tu. Tulikaa darasani tukifanya hesabu mpaka njaa ikatuuma, na tulipotoka mji mzima ulinuka muthokoi ulioungua. Kila nyumba! Mama alitazama sufuria nyeusi akasema, "Aiya, leo wametuunguza." Sisi watoto tulicheka sana. Watu wazima hawakucheka.

Nimeyakumbuka haya kwa sababu mwaka huu mimi na mume wangu, Baba Mumbua, tumestaafu ualimu, ikabidi tuamue tutajenga wapi. Yeye ni wa Makueni, mwendo mfupi kutoka Kiboko, mji uliolelewa na kiwanda cha mkonge. Nacho kilifungwa zamani. Binti yetu Mumbua, aliye Nairobi, alitucheka kwa simu: "Mami, hizo mahali zote zilidedi kitambo!"

Lakini mimi sikuwa nacheka moyoni. Kwetu mke humfuata mume, na niliogopa kuzeeka na kuzikwa mahali ambapo hakuna anayejua jina la mama yangu.

Baba Mumbua aliutetea mji wake kama wakili. "Nyinyi mlihitaji king'ora," alisema. "Sisi tulijua saa kwa pua." Mashine zikianza kusaga mkonge, mabaki yake yalinuka mpaka kanisani, na kwake hiyo ndiyo harufu ya nyumbani. Walikuwa wakiteleza juu ya lundo la mabaki hayo, kisha wanajikuna mpaka jioni, na mama zao wanawafukuza mlangoni huku wakisuka vyondo, vikapu vyao vya mkonge. Nikamuuliza, "Wee Baba Mumbua, hiyo ilikuwa harufu ama uvundo?" Alininunia siku mbili.

Tukakubaliana tukae wiki moja kwao na wiki moja kwetu. Haki, kwao ni kuzuri. Maji yanatoka mferejini, na kwetu bado yanakuja kwa punda. Barabara kuu iko karibu, papai zimejaa, na shemeji yangu alitukaribisha vizuri. Nikaanza kulegea.

Kwetu nako, kiwanda kimebaki mabati yenye kutu. Vijana wamekaa getini wamekodolea simu macho, hata salamu hawakuitikia. Siku tatu nzima hakuna aliyeniita kwa jina. Baba Mumbua alitabasamu tu, na tabasamu hilo liliniuma kuliko maneno.

Siku ya nne nikabandika muthokoi jikoni kwa marehemu mama, nikaenda kung'oa magugu nyuma ya nyumba. Nikang'oa, nikang'oa. Kuna kitu nilikuwa nangoja na sikujua ni nini, mpaka harufu iliponifikia. Ala! Mwanamke mzima na pensheni yangu, nilikuwa nangoja king'ora!

Kabla sijaepua sufuria, mlango uligongwa. Alikuwa Susu Kaluki, bibi mzee, jirani wa mama tangu zamani, na fimbo yake, na nyuma yake akina mama wawili wa rika langu.

"Mwiitu wa Nduku!" aliita. Binti ya Nduku. "Nimesikia harufu nikajua ni mtu wetu. Hawa wengine hawawezi kuunguza hivyo."

Nililia pale pale, na mwiko mkononi. Tukakwangua sufuria, tukala huo huo mweusi, na wakamsimulia Baba Mumbua habari za Maria mwenye ndevu. Yeye alijipakulia tena. Mwishowe akasema, "Kwetu nimekaa wiki nzima, na hakuna aliyegonga mlango ila ndugu yangu." Kisha akamuuliza Susu fundi mzuri wa nyumba anapatikana wapi.

Zamani mji huu ulikuwa na kazi, na kelele, na Krismasi nyeupe. Leo hauna kazi wala maji, nami ninaukumbuka ule wa zamani hata nikiwa nimesimama ndani yake. Lakini saa sita haipiti tena kimya. Ikifika, Baba Mumbua husimama mlangoni, huziba sikio moja na kupiga kelele, "Uuuuuuu!" mpaka nitoke shambani. Na nasikia Susu Kaluki naye huepua.