Mzinga Usio na Mwenyewe

Nakumbuka, mwanangu, Jumamosi moja ambayo mlima haukuamka. Ukungu ulikuwa umelala juu ya Nyeri yote, juu ya mibuni na mabati na kengele ya kanisa, nasi tulikuwa tukitembea ndani yake watu wanne, tukielekea mjini. Bendera yetu ilikuwa bado mpya miaka ile. Nilikuwa nimemshika mkono Wairimu, binti yangu wa miaka saba, na nyuma yetu walikuja Ngatia wawili, mmoja wa miaka mitano na mwingine aliyekaribia themanini.

Huyu mkubwa alikuwa baba mkwe wangu. Huyu mdogo alikuwa mwanangu wa kiume wa kwanza, na kwa desturi yetu mtoto wa namna hiyo hupewa jina la babu yake mzaa baba. Basi wale wawili walihesabiana kuwa rika moja. Walikula sahani moja, wakagombania kiazi kimoja, na mdogo akichapwa mkubwa alinuna. Na kwa kuwa mimi ndiye niliyemzaa Ngatia, yule mzee alikuwa akiniita mama. "Mama, leo kuna chai?" Mzee mwenye mvi, ananiita mama! Mwanzoni niliona haya, baadaye nikazoea, na siku hizi hakuna neno ninalolikumbuka kama hilo.

Tulikuwa tukienda kuona nyumba ya vitu vya kale. Lilikuwa jumba dogo la mawe, zamani ofisi ya mkoloni, na sasa wenyewe tulikuwa tumekusanya humo vitu vya wazee: vyungu, mikuki, ngozi, vibuyu, viti vya miguu mitatu. Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, nimefundisha Kangari kwenye majani chai kabla ya kuolewa, na nilijiona nimesoma. Vyumba vilikuwa vinne. Nilikuwa nimempa Wairimu daftari, nikamwambia ataandika kila kitu. Nilitaka watoto wangu waone vyote, mwanangu, vyote, kabla mlango haujafungwa saa sita. Mtaka yote hukosa yote, lakini nani angeniambia mimi?

Mzee hakuwa na desturi ya kwenda mjini. Alikuwa ameomba mwenyewe kuja. Macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu ambao haukuondoka jua lilipotoka, na aliniambia, "Mama, nipeleke na mimi nione hizo vitu, kabla macho haijafunga duka." Nikacheka. Alipenda kufanya mzaha na mambo yanayomwogopesha, na mimi sikulijua hilo wakati ule.

Ndani kulikuwa kimya, sakafu inanukia dawa ya kung'arisha. Mwanga wa dirishani uliingia polepole na vumbi likaelea ndani yake, na kwa dakika moja hata mimi nilisahau daftari. Kitu cha kwanza kabisa, karibu na mlango, kilikuwa mzinga wa nyuki. Gogo lililochimbwa, limezibwa kifuniko cha mti kila upande, limening'inizwa kwa waya kwenye boriti, si juu sana. Ulikuwa mzee ule mzinga, mweusi kwa moshi, na ukisogea karibu ulisikia bado harufu ya asali. Chini yake palikuwa na karatasi. Wairimu akasoma kwa sauti ya darasani: "Mzinga. Mwenyewe hajulikani."

Ngatia mdogo akasimama. Akaangalia juu, mdomo wazi.

"Guka," akamwita babu yake, "nyuki ziko wapi?"

"Ziliamka mapema, zikaenda kazi," mzee akamjibu, lakini hakuwa akimtazama mtoto. Alikuwa amesogeza uso wake kwenye kifuniko cha mzinga mpaka pua ikakaribia kugusa. Akatoa mkono kwenye koti, akaurudisha, akautoa tena.

Nami nikaangalia saa ya ukutani. "Twende, twende, kuna vyumba vinne," nikasema.

"Mama, hebu ngoja kidogo. Tusimame hapa na huyu rika yangu."

"Tutarudi hapa tukimaliza, Baba."

Nikamshika Ngatia mkono nikamvuta. Akalia. Alilia kilio kile cha kujilegeza magoti, mpaka watu wakageuka, na mimi mwalimu nikaona aibu, nikamfinya kidogo kwenye bega, akanyamaza. Nimezaa na nimelea, mwanangu, na nimefanya makosa makubwa kuliko hilo, lakini ule mfinyo bado nausikia kwenye vidole vyangu. Nikampeleka chumba cha pili, cha tatu, cha nne. Wairimu akaandika kurasa tano. Ngatia alitembea akitazama viatu vyake.

Mzee hakutufuata. Tuliporudi tulimkuta ameketi sakafuni chini ya mzinga, kofia magotini, na mlinzi wa jumba amechuchumaa karibu naye wanaongea chini chini. Huyo mlinzi aliitwa Muriithi, mtu wa Kagio, mpole, mwenye koti la kaki. Tulipotokea wakanyamaza. Saa sita ilikuwa imegonga na Muriithi alikuwa na funguo mkononi.

"Na rika yangu hajaona," mzee akasema, akijiinua kwa ukuta.

"Tutarudi siku nyingine, Baba."

Akavaa kofia yake. Mkwe wa zamani hakubishana na mke wa mwanawe mbele ya watu, na mimi niliuchukua ukimya wake kuwa ni kukubali. Jioni nilimuuliza Ngatia alichokiona mjini, akaniambia aliona mzinga. Nikamuuliza kingine, akafikiri sana, akasema hakuna.

Tutarudi ni neno jepesi, mwanangu. Mvua ikaja, kisha kuchuma kahawa, kisha mitihani. Mara moja tu mzee aliniuliza, tukimenya maharagwe: "Mama, ile nyumba iko wazi bado?" Nikamwambia iko, tutaenda. Hakuuliza tena. Miezi ikapita, na asubuhi moja nilimwona akimwaga chai nje ya kikombe, akiendelea kumwaga, akitabasamu kwa mahali nilipokuwa nimesimama dakika moja nyuma. Hapo nikajua duka limefungwa.

Siku zile zile nilikutana na Muriithi sokoni, ananunua mboga. Tukasalimiana. Akaniuliza habari ya mzee, nikamwambia macho yamekwenda. Akashusha kikapu chini.

"Ati haoni? Na ule mtoto, alishaonyeshwa?"

"Kuonyeshwa nini?"

"Mwalimu, wewe siku ile uliona kila kitu kwa nyumba yangu. Niliona ukiandikisha mtoto. Sasa niambie, uliona nini?"

Ndipo akanisimulia, pale katikati ya kabichi. Mzinga ule ulikuwa wa baba wa mzee wetu. Kila ukoo ulikuwa na alama yake, inachongwa kwa kisu kwenye kifuniko, na mtu akiiona mtini, hata mwenyewe awe mbali, hatagusa asali ile. Wakati wa dharura ya mkoloni, watu walipohamishwa kutoka mashambani wakakusanywa vijijini, mizinga ilibaki mitini peke yake. Waliporudi hawakukuta hata mmoja. Mzee alizunguka kingo za msitu miaka mingi akitafuta alama ya baba yake, na siku ile, kwa macho yaliyobakia na mwanga kidogo, aliikuta imening'inia kwenye waya katika ofisi ya zamani ya mkoloni.

"Nilimwambia amwite mtoto haraka," Muriithi akasema. "Akakataa. Akasema, mama yake amesema watarudi. Mimi nani nipite neno ya mama?"

Mama. Nilisimama sokoni nikalia, mtu mzima, na mwenye kabichi akadhani tumegombana kwa bei. Majuto ni mjukuu, hufika wakati nyumba imeshalala. Nilikuwa na watoto wawili siku ile walioomba kusimama, Ngatia mkubwa na mdogo, na wote wawili niliwanyima.

Nilipofika nyumbani nilipiga magoti mbele ya mzee nikamwambia ninayajua ya mzinga. Nikamwomba basi amsimulie Ngatia ile alama, amchoree hata kwa mkaa. Akatikisa kichwa. "Hiyo haisimuliwi, mama. Inaguswa. Baba yangu aliweka kidole yake, akaweka na yangu juu ya ile mti, halafu tukanyamaza. Ndiyo ilikuwa yote."

Tulikwenda sote wanne Jumamosi iliyofuata. Ukungu ulikuwepo tena, mzee ameshika bega la mjukuu wake, na wote wawili walikwenda mwendo mmoja, wa yule asiyeona na wa yule anayeokota kila jiwe. Mwenda pole hajikwai. Safari ya saa moja ilituchukua saa mbili, na kwa mara ya kwanza sikumwambia mtu yeyote twende.

"Mama, tumefika?" aliniuliza mlangoni, mzee wa miaka themanini.

"Tumefika, Baba."

Muriithi aliushusha mzinga kutoka kwenye waya, akautandikia gunia, akaulaza sakafuni. Mzee akapiga magoti. Alipapasa gogo lote kwa viganja vyake, kwanza akitabasamu, kisha tabasamu likaanza kupungua. Vidole vyake vilikuwa vimekuwa vigumu kwa miaka ya jembe. Alipita juu ya kifuniko mara mbili, mara tatu. Hakuipata. Nikataka kumsaidia, lakini hata mimi sikujua alama ilipo. Nilikuwa nimesimama mbele yake na sikuitazama.

"Iko huku, Guka."

Alikuwa ni Ngatia mdogo. Alishika kidole cha shahada cha babu yake, akakipeleka chini pembeni mwa kifuniko, mahali palipoingia moshi, na akakiweka juu ya mikato mitatu midogo na mmoja unaopita katikati. Hakuhangaika kuitafuta. Alikuwa ameiona siku ile ya kwanza, katika ule muda mfupi kabla sijamshika mkono, na akakaa nayo kichwani miezi yote ile bila mtu kumuuliza.

Mzee akakilaza kidole cha mtoto juu ya chake, kisha akabadilisha, chake juu ya cha mtoto. Wakanyamaza. Nje nilisikia mti mmoja ukidondosha umande kwenye mabati. Sijui tulikaa hivyo muda gani. Saa ya ukutani ilikuwepo, lakini sikuitazama.

Baadaye Muriithi aliuliza kama mzee anataka kuuchukua mzinga wake. Mzee akasema la, nyuki wake hawapo, na hapa watoto wengi watauona. Ila ile karatasi hakuitaka. Wairimu akakalishwa mezani na kalamu, akauliza aandike jina gani.

"Andika mwenyewe anajulikana," mzee akasema. "Andika yuko hapa, iko na miaka tano."

Yule mzee alitutoka kabla ya mvua ndefu za mwaka uliofuata. Sasa mimi ni bibi, naishi Skuta, magoti yananiuma kila mlima unapojificha, na nasikia unapanga kuwapeleka wanao kuona vitu vya kale. Wapeleke. Nitafurahi sana. Lakini sikiliza neno moja kutoka kwa mtu aliyelinunua ghali. Usiende kumaliza vyumba. Jumba halitakimbia, na hakuna atakayekupa cheti kwa kufika chumba cha mwisho. Mtoto akisimama mbele ya kitu, hata kiwe kipande cha chungu, simama naye, mwache achoke mwenyewe, kwa sababu hujui anachokiweka kichwani na hujui nani atakuja kukihitaji. Fuata nyuki ule asali, walisema wahenga, na nyuki ndiye huyo anayekuvuta sketi. Na kama nyumbani kuna mzee anayeweza kutembea, au hata kubebwa, mchukue. Usimwambie tutarudi. Mwambie, tuko hapa, Baba, onyesha.

Basi nenda, mwanangu. Mungu akujalie watoto wanaosimama kila mahali, na akupe subira ya kuchelewa pamoja nao. Macho yako yadumu. Na siku yatakapofunga, uwe na mkono mdogo wa kukushika kidole na kukuambia, iko huku.