Nimehamisha kanda ya harusi ya wazazi wangu kwenda DVD, bwana harusi sijamwona mpaka mwisho

Wakuu, salaam zenu. Haya ninayoandika sijayatia chumvi.

Mimi niko Mwisenge, Musoma. Nina kibanda cha kutengeneza simu na laptop, na pembeni nahamisha kanda za zamani kwenda DVD.

Kazi yenyewe haina maajabu. Deki ya VHS, waya za AV, kile kidude cha USB na kompyuta. Unabonyeza play kwenye deki, record kwenye PC, halafu unakaa unaangalia mpaka kanda iishe. Shortcut hakuna.

Za watu nimehamisha sana. Ya kwetu ilikuwa imelala kwenye sanduku la mama.

Sasa niwaeleze kilichonifanya niitoe.

Baba yangu, Magesa, sikuwahi kumwona hata kwenye picha. Mama aliniambia alifukiwa na kifusi machimboni Buhemba nikiwa tumboni, mwili haukupatikana, ndiyo maana hata kaburi hakuna. Juzi mke wangu kajifungua mtoto wa kiume, nikampa jina la babu yake. Nikataka sura. Frame moja tu ya baba nii-print, niitundike sebuleni, mtoto akikua aone.

Mama alinipa kanda. Ilikuwa na ukungu, nikasafisha head ya deki kwa spirit na pamba, picha ikaja na mistari mistari lakini inaonekana.

Ni nyumbani kwa bibi, Buswahili. Ng'ombe wa mahari wanatolewa zizini, vigelegele kama vyote. Mama binti mbichi kabisa, kafunika kichwa, kakaa kwenye kiti. Pembeni yake kakaa bibi, mama yake baba, kavaa koti jeusi la kiume juu ya kitenge.

Mshereheshaji anashika kipaza sauti: "Mwenye mke asimame tumwone!"

Akasimama bibi.

Mimi nikacheka wakuu. Nikajua ni utani wa sherehe, bwana harusi yuko nyuma anakuja.

Hakuja. Mama na bibi wakalishana, zawadi zikatolewa, kanda ikaisha. Nikarudisha nyuma, nikaangalia tena, nikaanza kulaumu ukungu kwamba umekula kipande chenye baba. Nikabadilisha deki kabisa. Yaani nilikuwa natafuta fault kwenye mashine!

Mama akaingia kibandani na chai. Nikamwambia, "Mama, sehemu ya baba imefutika."

Akaweka chupa chini. "Hakuna kilichofutika. Kesho mpeleke mtoto kwa bibi yako, na hiyo kompyuta."

Nikairudisha kanda mpaka pale bibi anaposimama.

Kwa msio wa Mara: huku kuna ndoa inaitwa nyumba ntobhu. Mama asiye na mtoto wa kiume anatoa ng'ombe, anaoa binti, na watoto huyo binti atakaozaa na mwanaume wa pembeni ni wa boma lake. Naijua tangu utotoni. Nimeshawahamishia watu kanda zake! Lakini nimekulia mjini na hadithi yangu ya Buhemba, sikuwahi kuwaza kwamba ni kwetu.

Kesho yake, Buswahili, bibi aliangalia laptop akitabasamu. Alipojiona anasimama, akapiga kigelegele chembamba cha kizee.

Nikamuuliza, "Bibi, baba yuko wapi humu?"

"Sasa wewe ulikuwa unamtafutaga nani? Si mimi huyo nimesimama!"

"Na Magesa?"

"Mimi nilizaaga wasichana tu. Jina Magesa nilikuwaga nalo moyoni, la mtoto wa kiume. Mtu mwenyewe hakuja. Nikamuolea mke hivyo hivyo. Mambo ya Buhemba mama yako alikupaga tu ya kujibu wenzako shuleni."

Wakuu, nilikaa chini kwenye udongo na suruali ya kanisani. Mtu niliyemlilia kila Novemba kwenye misa ya marehemu hakuwahi kuzaliwa!

Bibi akanyoosha mikono, akampokea mwanangu, akamtazama muda mrefu.

"Kumbe ndiyo ulikuwa unakuja," akamwambia. "Umechelewa, Magesa."

Hapo nililia bila aibu.

Najua swali lenu: mwanaume aliyekuzaa ni nani? Mama kasema nikitaka ataniambia. Bado sijamuuliza. Aliyetoa ng'ombe, akanilipia ada, akaniuguza surua, nimeshamwona kwenye screen.

Nilichojifunza: hamisheni kanda zenu kabla ukungu haujazimaliza, na mziangalie na waliomo wakiwa bado wanaweza kujibu.

Frame nimei-print, ile bibi anasimama na koti. Iko kwa fundi wa fremu hapa Mwisenge, naye ananisubiri nimwambie chini aandike "Bibi" au "Baba".

Nyie mngeandika nini?