Ukuta niliouchora kituo cha afya, na dada aliyeishia getini

Wakuu, salamu kwenu. Mimi ni fundi wa mabango hapa Gungu, kuandika si fani yangu, ila hili sijalitia chumvi. Lingekuwa la kutunga ningejipa nafasi nzuri zaidi.

Kazi zangu ni saluni, mabucha na majina ya mitumbwi kule mwaloni. Kwa hiyo kamati ya kituo kimoja cha afya ya familia huku Rusimbi iliponiita nichore ukuta wa getini, nilijiona nimefika.

Walitaka picha ya kukaribisha watu, maana kina mama wengi walikuwa bado wanajifungulia nyumbani.

Mkunga wa pale, dada mmoja mpole sana, aliniambia, "Fundi, mtu akifika hapa ajione yuko kwao."

Basi nikachora mama mjamzito na mumewe. Baba kamshika mama bega, mkono wa pili kashika kadi ya kliniki. Nyuma yao ziwa, na milima ya Kongo kwa mbali. Juu nikaandika KARIBUNI BABA NA MAMA, chini MWAKEYE, ili Waha wenzangu wasalimiwe kwa lugha yetu.

Wazo la kumweka baba lilikuwa langu. Mnajua utaratibu, hudhurio la kwanza mjamzito anaambiwa aje na mwenza. Asiye naye, sehemu nyingi anatakiwa barua ya mwenyekiti wa mtaa. Nikasema ngoja niwakumbushe wanaume wajibu wao.

Kamati wakanisifia mno. Na mgema akisifiwa, mnajua wenyewe.

Siku ya pili ya kazi akaja dada mmoja, mimba imeanza kuonekana. Akasimama ng'ambo ya barabara, akatazama ukuta muda mrefu, akaondoka.

Kesho yake tena. Mimi nikadhani anapenda kazi yangu!

Siku iliyofuata akavuka, akasogea mpaka kwenye ndoo zangu za rangi.

"Fundi, na asiye na mume anapita wapi?"

Nilikuwa juu ya ngazi, namalizia shati la baba. Hata sikugeuka. Nikamtania, "Akamtafute kwanza, dada!"

Akacheka kidogo. Akaenda zake.

Miezi ikapita. Mvua zikarusha matope ukutani, nikaitwa kurekebisha sehemu ya chini. Nikiwa pale akaja mama mmoja wa makamo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Ni wewe uliyechora hapa?"

Nikaitikia kwa majivuno kabisa.

Akaniambia yule dada aliyeniuliza asiye na mume anapita wapi ni mtoto wa kaka yake. Mumewe alikuwa mvuvi wa Ilagala, alizama ziwani mimba ikiwa changa, ndipo binti akaja kukaa kwake. Kwenda kumweleza mwenyekiti habari za msiba wake ili apewe barua, aliona aibu.

"Tulimsihi aje kliniki. Akasema, shangazi, pale wanapokelewa wenye waume, hata fundi kaniambia."

Uchungu ulimkutia nyumbani. Walipomfikisha hapa kwa bajaji, mtoto alikuwa ameshafariki. Mama mtu ndiye aliyepona.

Wakuu, niliketi chini palepale kwenye matope.

Nilimfuata mkunga nikamweleza yote, na utani wangu nikausema. Alilia. "Tungempokea, fundi. Hata bila barua tungempokea."

Naamini. Lakini ukuta wangu haukusema hivyo.

Nikaomba kamati ruhusa. Baba nilimwacha, hana kosa. Ila mbele kabisa, karibu na geti, nikachora mwanamke aliyekuja peke yake, mkunga kamshika mkono. Pembeni nikaandika: UKIJA PEKE YAKO, KARIBU.

Siku ninamaliza, yule dada akapita na shangazi yake. Safari hii nilishuka kwenye ngazi. Nikamwomba msamaha.

Akatazama ukuta kama alivyoutazama siku zile.

"Huyu ungemchora kwanza, fundi."

Hakusema kwa hasira. Angenitukana ningelala vizuri zaidi.

Siku hizi kabla sijashika brashi nauliza ni nani atakayefika hapa asijione. Nanyi wenye vituo, shule, misikiti na makanisa, tazameni kuta zenu kisha mniambie hapa chini nani hayupo. Nikosoeni mtakavyo, nimestahili. Utani tu ndio naomba usiwepo kwenye uzi huu.