Viti vya Seline

Katika boti ya Abdulrahman, iliyokuwa ikienda Asembo Bay na kurudi Kisumu mwanzoni mwa miaka ya tisini, kulikuwa na serikali mbili. Mimi, Walubengo, nilitawala injini. Seline alitawala viti. Abdulrahman hakutawala chochote, ingawa boti ilikuwa yake.

Viti vilikuwa vya reksini nyekundu, na Seline alivipenda kuliko ndugu zangu wanavyowapenda wake zao. Kila tulipofunga kamba alikuja na karai la maji ya sabuni, kitambaa laini, na mswaki mkuukuu wa kuingia kwenye mishono, maana magamba ya samaki hujificha humo. Akimaliza alivisuuza, akavikausha, akavifunika turubai jua lisivipasue. Siku moja nilijaribu kumsaidia kwa kitambaa chenye petroli. Alininyima chai wiki nzima.

Abiria walimjua kwa maneno mawili.

"Mama, usiweke samaki kwa viti yangu. Mzee, toa viatu kwa viti yangu."

Basi Zadock, fundi cherehani wa Mamboleo, akamposa Elsie, binti pekee wa Seline, na posa ikakubaliwa. Safari iliyofuata Zadock akapanda boti, akamwona Seline, akainamisha macho, akasimama. Alisimama mpaka Asembo, mawimbi yakimyumbisha.

"Kaa chini, bwana," nikamwambia.

"Nitakaliaje viti ya maro?" akanijibu kwa sauti ya chini.

Nikamwacha asimame. Maro ni mama mkwe, na kiti cha mama mkwe hakikaliwi, hata kwetu Bungoma. Seline naye hangeweza kumwamuru akae, maana adabu ilimtaka awe mbali naye. Alibaki akisugua mshono uleule, roho ikimuuma. Abiria wakaanza kunong'ona kwamba mama huyu ni mchoyo kweli, hata mkwe wake anamnyima kiti.

Safari moja wimbi likamwangusha Zadock, akapasuka mdomo. Seline akasimama, akawageukia abiria wote isipokuwa Zadock.

"Sikieni nyote," akasema. "Hii viti si yangu. Ni ya Abdulrahman. Mimi naosha tu."

Nilimjua vizuri, maneno hayo yalimuuma kuliko jino bovu. Nilimwonea huruma. Zadock akakaa taratibu, pembeni kabisa.

Tulipofika Asembo Zadock alingoja wenzake washuke. Tone la damu lilikuwa limeangukia reksini. Akatoa mfukoni kipande cha kitambaa, mabaki ya cherehani, akakilowesha ziwani, akapangusa kuanzia kwenye mshono, kisha akakausha. Seline alikuwa amempa mgongo kama adabu inavyotaka, lakini kioo cha mbele ya usukani kilimwonyesha yote.

"Walubengo," akaniambia, akilia na kucheka, "ambia mkwe asisugue sana. Ataharibu viti yangu."