Teksi Iliyovishwa Koti Jeusi

Kituoni walimwita dereva huyu wa kike Handibreki, na jina hilo hakupewa kwa mapenzi. Abiria akianza kushusha bei, yeye hakubishana wala hakuapa. Aliutazama usukani tu, na bei ikakaa palepale ilipovutwa. Wapo waliokwenda teksi nyingine huku wakimtukana. Wengi walirudi.

Gari lenyewe alilipata likiwa mzoga. Alianza kwa kuosha teksi za wanaume, ndoo mkononi, tambara begani, masikio wazi, mpaka siku aliponunua gari lililogongwa ambalo hata aliyeliuza aliona haya kulitaja. Mlango mwezi huu, taa mwezi ujao. Likasimama. Likapakwa manjano ya kituo, likaandikwa namba ubavuni, na manjano hayo ndiyo yaliyomlisha mama yake, yakalipa kodi, yakamsomesha mdogo wake wa kiume mpaka akaingia ofisi ya bima. Tai yake ya kwanza dada ndiye aliyemnunulia. Sasa mtaa mzima unamwita kijana Bwana Tai, naye anaitika.

Juma moja Handibreki alilala na homa. Bwana Tai akaomba funguo, eti akalibadilishe gari oili, dada apumzike. Dada akapumzika. Jumamosi mchana akasikia injini yake uani, maana injini yako unaijua kama kikohozi cha mama yako, akajikokota nje na shuka mabegani. Gari lilikuwa jeusi. Jeusi tititi, lisilong'aa, kuanzia boneti mpaka buti, na namba ya kituo imemezwa.

Mdogo mtu akaanza kueleza kabla hajaulizwa. Ni rangi ya mpira, inapulizwa juu ya rangi ya zamani, inailinda na jua na vijiwe vya barabarani, na ukiichoka unaiambua kama ganda la ndizi. Kesho jioni anakwenda kujitambulisha kwa wazazi wa mchumba. Akirudi wataivua, na Jumatatu teksi itakuwa teksi.

"Umewaambia gari ni la nani?" dada akauliza.

Bwana Tai akarekebisha kola.

Angeibiwa tairi angefoka yakaisha. Hili halikuisha kwa kufoka. Jumatatu asubuhi mwenyekiti wa kituo anakagua magari, na lisilo la manjano linapoteza nafasi. Nyuma ya nafasi yake kuna foleni ya watu wanaomwombea mabaya kila siku. Hilo kijana alilijua. Alilijua, akaona heri dada akose mkate kuliko wakwe waone teksi.

Mama yao, aliyekuwa mlangoni, akasema amwachie mdogo wake siku moja tu.

"Nimemwachia miaka, mama," alijibu, akainama kwenye ukingo wa mlango wa gari, akatia ukucha.

Ganda la ndizi halikuonekana. Kilitoka kipande kama kucha ya mtoto, kikakatika. Akatia ukucha pengine, kikakatika. Akasugua mpaka kidole kikawaka moto, na pale alipopasafisha hapakutosha hata kuweka kikombe. Akamtazama mdogo wake. Bwana Tai akajitia hamnazo, anakagua tairi.

"Panda," dada akasema. "Nipeleke kwa aliyekupulizia."

Fundi rangi alikuwa na banda la mabati nyuma ya wauza matairi. Alipomwona mwanamke mwenye homa anashuka na uso ule, akaweka chini bomba la kupulizia. Hakuficha kitu. Mpira ukiwa mnene unatoka wima kama shuka, ukiwa mwembamba unakatikakatika. Yeye alitaka kupiga mikono sita, tabaka juu ya tabaka, lakini bwana huyu alivutana naye bei mpaka ikabaki mikono miwili. Rahisi ghali, akaongeza, kama vile methali ingemwokoa.

"Ulijua hautaambuka?"

"Nilijua, dada. Lakini mteja ndiye alitaka."

"Mteja wako hana gari. Ulipuliza gari la mtu hujamwona."

Fundi akajikuna shingo. Dawa, alisema, ni moja tu, nayo itamuudhi: kuupaka tena mpira uleule juu yake, mikono minne mizito, unenepe, ukauke, ndipo utoke wote. Handibreki akacheka bila kufurahi. Kumbe ili ulivue koti alilokuvika mwongo, sharti kwanza ulivae vizuri.

Hapo hapo akageuka mfanyabiashara. Mpira atanunua aliyeuanza. Kazi ya fundi ni bure, maana alipuliza akijua. Atapuliza kesho asubuhi na mapema, na mchana litaambuliwa. Fundi akafungua mdomo kuongea juu ya nauli ya kufuata mpira, akaona macho yale, akaufunga.

Bwana Tai ndiye aliyelia. Si kwa machozi, kwa maneno. Mchana? Wakwe ni jioni. Liambuliwe usiku basi, akirudi, anaapa.

"Viapo vyako nimeviona uliposema oili," dada akamjibu.

Jumapili mchana mpira ulikuwa umekauka. Fundi aliinua pembe ya boneti kwa kucha, akamkabidhi Bwana Tai ashike, kwa amri ya dada. Akavuta. Ngozi nyeusi ikainuka pana, nzito, ikinguruma kidogo, na chini yake manjano yakatoka safi, na kovu la zamani la jiwe karibu na taa likiwa palepale. Alivuta milango, akavuta buti, shati lake la kwenda ukweni likilowa mgongoni, na mpira ukamjaa chini ya kucha. Namba ubavuni ikarudi tarakimu kwa tarakimu. Handibreki alisimama amekunja mikono. Hasira haikupoa. Alitarajia ingepoa.

Jioni ikafika. Bwana Tai, tai shingoni, kucha bado nyeusi, akasimama kando ya gari kama aliyepoteza njia.

"Niwaambie nini, dada?"

"Waambie umekuja kwa teksi. Huo si uongo."

Akashika mlango wa mbele. Dada akabonyeza kitufe, mlango ukajifunga.

"Nyuma. Mteja hukaa nyuma."

Akakaa nyuma. Dada akawasha injini, akamuuliza anakwenda mtaa gani, kama anavyouliza wote, akamtajia nauli. Kijana akacheka kidogo, akaomba apunguziwe, si ni ndugu.

Handibreki akautazama usukani. Gari halikusogea.