Hesabu ya Virusi na Salamu za Asubuhi

Siku ya kwanza kazini meneja wa mashamba alinipa ufunguo wa kibanda cha redio kilimani, upande wa Silibwet, akaniuliza kama naogopa kukaa peke yangu. Nilisema hapana. Nilikuwa kijana mwenye haya, niliyeishia darasa la saba, na nilidhani upweke utanifaa.

Kazi ilikuwa kupokeza. Nyaya za simu zilikuwa hazijafika, kwa hiyo kompyuta za ofisi kumi za chai ziliunganishwa kwa redio, na kila ujumbe ulipitia kwangu. Asubuhi uzito wa majani, jioni tena. Katikati ni ukungu. Mwaka wa pili nikaanza kuandika barua fupi kwenye kompyuta, Chamgei, yaani salamu kwa Kikalenjin, na habari za mvua, nikaituma kote. Kila karani aliongeza neno lake na kuwarudishia wote. Mmoja aliniita bwana harusi wa ukungu. Nilicheka siku nzima.

Kisha virusi vikaingia. Ni maagizo mabaya yanayojificha ndani ya faili. Ukiifungua, yanajinakili kwenye faili zako nyingine. Injinia wa mawasiliano kutoka Kericho alisafisha ofisi moja moja, lakini alipomaliza ya mwisho, ya kwanza ilikuwa imeugua tena. Meneja akasema vikiendelea, redio itazimwa na kibanda kufungwa.

Injinia alinipa daftari niandike nani ameugua, nani amepona, nani amemtumia nani faili. Alinifundisha hesabu moja: mgonjwa mmoja huambukiza wangapi kabla hajasafishwa? Wakizidi mmoja, ugonjwa unaenea. Wakipungua, unakufa wenyewe.

Mimi huandika polepole. Wiki tatu nilichora mistari kutoka ofisi hadi ofisi. Jibu lilikuwa wawili. Nikafuta mistari ya uzito wa majani, ambayo ilikuwa tarakimu tupu. Bado wawili. Nikafuta ya disketi zilizobebwa mkononi. Bado karibu wawili. Nikairudisha yote, nikafuta ya salamu peke yake. Sasa wagonjwa wawili walizaa mmoja tu.

Daftari lilikaa siku mbili chini ya godoro kabla sijamwonyesha Injinia.

“Hizi salamu alianzisha nani?” Injinia aliuliza.

“Ni mimi, bwana.”

“Na huku juu unaongea na nani mwingine?”

Alifunga daftari taratibu.

“Darasa la saba, na umenishinda mimi na diploma yangu,” akasema. “Kata wewe mwenyewe, kijana. Mimi siwezi kukukatia.”

Kesho yake nilituma tarakimu peke yake. Makarani wawili waliuliza kama naumwa. Niliwajibu kwamba barua zimekatazwa. Sikusema kwa hesabu ya nani. Baada ya majuma machache hakukuwa na ofisi iliyougua, na kibanda hakikufungwa. Nilikaa humo mpaka nyaya zilipofika, nikahamishiwa ghalani, nikastaafia huko.

Vijana wa kazi ya kompyuta sasa huniambia wao pia huanza kwa kukata kiungo chenye shughuli nyingi. Ni sawa. Ningewaomba tu waulize kwanza kilikuwa kinapeleka nini. Kwa miaka sita tangu nikate salamu, mpaka nyaya zilipofika, nilipokea uzito wa majani tu kutoka ofisi kumi, na haikupotea hata kilo moja.